Uvinje ibaki au iondoke? Mpaka wa Hifadhi ya Saadani na wavuvi wake

Wakuu, Saadani tunaisifia kila siku: tembo na bahari mahali pamoja, viboko wa Mto Wami, heroe kwenye mashamba ya chumvi. Sawa. Tuzungumze na watu wa pale.

Saadani ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1960, lilikuwa pori la akiba. Kupanda huko si jina tu, maana ndani ya hifadhi ya taifa kijiji hakiruhusiwi. Mtu anaamka kwake, hajasogea hata hatua, tayari ni mvamizi. Ndiyo kesi ya Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, imeshikilia kwamba kimo ndani ya mpaka. Wakazi wanasimulia kuwa wazee wao ndio walioikaribisha serikali ije kuzuia majangili, kwa makubaliano kwamba hawatahamishwa.

Msimamo wangu: mpaka usogezwe, Uvinje ibaki.

Najua nitarukiwa na hoja ya kasa, na ni hoja nzito. Kasa wa kijani hutaga ufukwe wa Madete, mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na jarife, yaani wavu wa kutega wenye macho makubwa, likitegwa mbele ya ufukwe jike hunasa na kufa kwa kukosa hewa. Basi jarife lizuiwe pale. Juya la kukokota limeshakatazwa kisheria, aliye nalo akamatwe, awe wa Uvinje au wa Bagamoyo. Lakini nyumba ya makuti inamkosea nini kasa? Vifaranga wakitoka usiku hufuata mwanga, na taa za hoteli ya watalii huwapoteza kama karabai ya mvuvi, pengine zaidi. Mbona hoteli haziitwi uvamizi?

Kamba nao wanakulia kwenye mikoko ya mdomo wa Wami. Walipopungua miaka ya 2000 hadi serikali ikasimamisha meli za kuvua kamba, si ngalawa zilizokuwa zinakwangua sakafu ya bahari.

Mnaotaka waondoke karibuni, ila nijibuni hili kwanza: mtawapeleka wapi penye bahari? Maana naona jibu linalokuja haraka ni fidia na ekari mbili huko bara ya Chalinze. Mvuvi akalime nini?