Unatumia maktaba ya bure, una haki ya kumdai mwenyewe akurekebishie?

Wakuu habari zenu, hili tulijadili kwa uwazi maana kila siku watu wanagombana. Mtu kachukua maktaba ya programu huria (kodi, yaani maandishi ya programu, iliyoandikwa tayari na mtu mwingine na kuachiwa bure) kaiingiza kwenye mfumo wa ofisini, imegoma, anaenda kufungua isyu (taarifa ya tatizo kwenye ukurasa wa projekti) anaandika "haifanyi kazi, ni haraka, wateja wanalalamika", hajasema anatumia toleo gani, kabandika picha ya skrini hata maandishi ya kosa hayasomeki, siku mbili zikipita kimya anaanza matusi. Msimamo wangu, haki hiyo hana. Leseni ya MIT ambayo wengi tunaipita bila kuisoma inasema wazi programu unapewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Ukitaka mtu wa kumpigia simu saa nane usiku basi umlipe.

Halafu presha za namna hii ndizo zilizomponza mwenye xz, ile maktaba ya kubana mafaili ambayo iko karibu kwenye kila mfumo endeshi wa Linux. Lasse Collin alikuwa anaitunza kwa kujitolea. 2022 zikaanza kumiminika lawama, mara pachi (marekebisho ya kodi yanayoletwa na watu) hazipokelewi, mara projekti imekufa mpe mwingine, na yeye akajibu kabisa kwamba ana matatizo ya afya ya akili na hiyo kazi halipwi. Baadaye mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa analeta pachi nzuri nzuri, akapewa mamlaka kwenye projekti. Machi 2024 Andres Freund wa Microsoft akaona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia mfumo) umefichwa kwenye xz toleo 5.6.0 na 5.6.1. Wengi wanaamini waliokuwa wanalalamika walikuwa kwenye mpango huo huo, na hakuna aliyewashtukia kwa sababu kelele zile tumeshazizoea.

Mnasemaje?

Mchangiaji:
Mkuu umeangalia upande mmoja. Mimi nilirekebisha bagi (kosa la programu) kwenye maktaba moja ya malipo ya simu, nikaweka na testi, puli rikwesti (ombi la kuingiza pachi yangu) iko pale tangu mwaka jana hata "nimeona" hakuna. Tunaambiwa usilalamike leta pachi, tumeleta, inaozea pale. Kama hutaki pachi sema hutaki, wenye SQLite, database ya bure, wamesema wazi kwamba kodi ni ya wote ila michango ya nje kwa kawaida hawapokei, na watu wanaitumia kwa amani tu.

Mleta mada:
Hapo kwenye kusema wazi nakuunga mkono asilimia mia, mstari mmoja tu kwenye README (faili la maelezo ya projekti) unamwokolea mtu wiki nzima ya kazi. Ila mkuu kupokea pachi nako kuna gharama, wewe ukishaondoka ile kodi yako anabaki nayo yeye, ikivunja kitu kwa wengine anaulizwa yeye. Ndiyo maana nashauri uanze na isyu kabla hujaandika chochote, uweke kodi fupi inayorudia kosa, pachi iwe ya bagi moja tu, usichanganye na kupanga upya mafaili ya watu. Akikaa kimya fanya foku (nakala yako ya kodi unayoiendeleza mwenyewe), leseni inakuruhusu, mfumo wako uendelee na foku yako wakati unasubiri, hapo hujamkosea mtu.

Wa kubanwa hapa ni makampuni. Heartbleed ya 2014, kasoro ya usalama ndani ya OpenSSL, ilipoibuka ndiyo dunia ikajua OpenSSL, maktaba inayolinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa inapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni makubwa yakaja kuchangia kupitia Linux Foundation baada ya aibu ile. Sasa nyie mlioko mabenki na kwenye makampuni ya simu mtuambie, bajeti ya leseni za database mnayo kila mwaka, je kuna hata senti inayokwenda kwa wenye hizi maktaba mnazozitumia bure?