Naomba ushauri: Peugeot 504 baada ya injini kuundwa upya

Wapenzi wa magari ya zamani, hamjambo? Naomba msaada wenu.

Nina Peugeot 504 ya kabureta, gari alilolitunza baba yangu. Injini imefunguliwa yote: pistoni, ringi na beringi ni mpya, silinda hedi imesawazishwa. Nimetia oili ya madini 20W-50, na imefika kama kilomita 400. Joto na presha ya oili ni sawa, ila nikiachilia mafuta mteremkoni kisha nikikanyaga tena, hutoa moshi wa samawati, yaani oili inaungua.

Fundi ananiambia nisipite kilomita 60 kwa saa. Mimi nahofia kwamba ringi zisipopata mzigo wa kutosha, kuta za silinda zitang'aa kama kioo na ringi hazitashikana vizuri na kuta hizo kamwe. Na foleni za Nairobi ni kunguruma papo hapo tu! Kwa hiyo Jumapili alfajiri huipeleka Thika Road, napandisha mwendo na kuachilia, bila kushikilia kasi moja. Moshi umepungua, haujaisha.

Nisubiri hadi kilomita ngapi kabla ya kushuku sili za valvu, zile zinazozuia oili isipenye kwenye silinda? Na bolti za hedi ya 504 hukazwa tena injini ikiwa baridi au moto? Walioimiliki, tafadhali nielekezeni.