Naomba ushauri: vikao vya kila wiki vinatumaliza, tangi la shule linasubiri

Katibu wa Ilemela:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa klabu ya huduma kwa jamii hapa Mwanza. Tunakutana kila Jumanne jioni hotelini, kila mtu anajilipia chakula. Maisha yamebana, na sahani moja ni Sh 25,000. Walimu na manesi wameanza kuikwepa Jumanne, wamebaki wenye biashara zao mjini.

Huku tumeahidi tangi la lita 5,000 kwa shule ya msingi kandokando ya ziwa, njia ya Igombe. Watoto wanachota kwa madumu, wamezama hadi magotini kwenye magugu, na kichocho kinawarudia hata wakimezeshwa dawa. Fedha iliyopo ni nusu tu. Nikapendekeza tukutane mara mbili kwa mwezi, wazee wakaja juu: eti kikao cha kila wiki kikifa, na klabu imekufa. Hao ndio walioijenga, nawaheshimu sana. Nilisemeje jambo hili bila kuwavunjia heshima?

Baba Nyanza:
Mkuu, wazee wana hoja. Vikundi vingi vikiacha kukutana vinabaki kutumiana salamu WhatsApp. Kinachowafukuza watu ni sahani, si kikao. Rotary, mtandao wa klabu za huduma kwa jamii duniani, ilipoanza Chicago mwaka 1905 wanachama walikutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Ombeni darasa, chai na mihogo vinatosha. Na tangu 2016 Rotary hiyohiyo inaziruhusu klabu zake kukutana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo pendekezo lako si uasi.

Mama Kirumba:
Mwanangu, usilirudishe kikaoni kwanza. Mfuate mzee mmoja anayesikilizwa, nyumbani kwake, umweleze habari za wale watoto. Akilisema yeye litapita. Ukilisema wewe mbele za watu, wataona unawashusha.

Mwalimu wa Ukerewe:
Mimi nina neno kuhusu tangi. Shuleni kwetu wafadhili walileta zuri kabisa, picha zikapigwa, lakini mifereji ya bati haikuwekwa. Masika yote limekaa tupu, inauma. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 1,000, ila maji hayaingii yenyewe. Tengeni fedha ya mifereji, koki na msingi wa zege mapema.

Kiangazi mnaweza kupampu maji ya ziwa. Wekeni chujio kwenye mdomo wa bomba konokono wanaobeba kichocho wasipite, kisha maji yatulie siku 2 kamili bila kuongezwa mengine. Vimelea vya kichocho vinakuwa vimekufa, watoto wananawa na kudeki bila hofu. Ya kunywa lazima yachemshwe. Praziquantel, ile dawa ya kichocho wanayomezeshwa, inaua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi mtoto anayerudi ziwani kesho yake.

Katibu wa Ilemela:
Asanteni sana. Mama, kesho jioni naenda kwa mzee wetu anayeishi kule Pasiansi. Mwalimu, nitampeleka fundi akapime bati kabla hatujanunua chochote. Koki niweke za plastiki au za chuma?

Mwalimu wa Ukerewe:
Za chuma, na ziwe mbili. Saa ya mapumziko wanazigombania, wakubwa wanawasukuma wa darasa la kwanza. Moja iwe chini kidogo, wadogo waifikie.