Mrejesho: maji mekundu kutoka mgodini kuingia shambani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuthibitisha kama maji mekundu yanayoingia shambani yanatoka kwenye lundo la mawe taka ya mgodi wa dhahabu. Asanteni sana.

Ushauri wa kuchukua sampuli juu na chini ya mahali maji hayo yanapoingilia ndio uliotoa jibu: juu pH (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) 6.9, chini 3.4, salfeti na chuma vimepanda mno. Ni asidi ya mawe yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) yakipata hewa na mvua. Aseniki, ambayo ni sumu, ni 0.08 mg/l, wakati kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa maji ya kunywa ni 0.01, kwa hiyo kisima cha chini kimefungwa.

Kipimo cha sayanidi, sumu inayotumika kuchenjulia dhahabu, ndicho kimefeli. Chupa ya sampuli ilikaa juani kwa saa tatu bila kostiki (sodiamu haidroksaidi, ya kuzuia sayanidi isipotee), na jua huivunja sayanidi, maabara ikaikataa. Atakayerudia: chupa ya peke yake, ya rangi nzito, kostiki palepale hadi pH izidi 12, barafu, ipimwe ndani ya siku 14. Asidi ya naitriki ni ya chupa ya metali tu! Kwenye ya sayanidi inatoa gesi ya kuua.

Ripoti iko kwa afisa mazingira wa wilaya. Mgodi haujajibu.