Ushauri: mali ya sultani karibu na magofu ya Kilwa Kisiwani

Kijana wa Singino: Wakuu, shikamooni. Kuna mtaalamu anasema Kisiwani, karibu na magofu, umezikwa mtungi wa sultani. Mashine yake ya kutafutia metali inalia pale pale kila akipita. Anataka ubani, kondoo mweusi na laki nane, mali isihame. Nimpe?

Korosho Ghafi: Kondoo anachinjwa tu au kuna pilau?

Nahodha Mstaafu: Mashine nyingi za mkononi hushika sarafu kwenye sentimita 20 hadi 30. Udongo wa pwani una chumvi, ukilowa unailiza bure. Apite tena ukikauka, mara mbili, njia zikatane. Mlio ukihama, hiyo ni chumvi.

Bi Mkunga: Mwanangu, umeshachimba?

Kijana wa Singino: Kidogo tu. Mita mbili. Hatua tatu kutoka ukutani, lakini si ndani ya gofu. Na nusu ya pesa nimeshatoa, siwezi kuachia njiani.

Mwashi wa Chokaa: Usishuke tena humo! Mchanga usiozuiwa kwa mbao huporomoka. Ukikufukia hadi kifuani hupumui. Na ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, hauna nondo. Masika yakijaza shimo, udongo wa chini ya msingi utahamia humo, ukuta upasuke. Usifukie kimya kimya pia. Mwambie mhifadhi, shimo lijazwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja lishindiliwe.

Bi Mkunga: Na kuchimba mali ya kale bila leseni ni kosa, sheria ni ya 1964. Mali ya marehemu haina baraka.

Kijana wa Singino: Lakini mali ipo! Imetoka sarafu ya dhahabu, ina tembo.

Nahodha Mstaafu: Tembo? Sarafu za masultani wa Kilwa karibu zote ni za shaba, na ni maandishi ya Kiarabu matupu, maneno ya upande mmoja yakiwa na vina na ya upande wa pili. Tembo ni rupia 15 ya Mjerumani, iliyopigwa Tabora, 1916. Imeingiaje kwenye mtungi wa sultani?

Korosho Ghafi: Uzi wa kutunga huu. Mwenye dhahabu mkononi anadai laki nane za nini?

Kijana wa Singino: Sijatunga. Mtaalamu alishuka peke yake na tochi, akapanda na hiyo sarafu.

Nahodha Mstaafu: Ipeleke kwa sonara. Halisi ina gramu 7 na kidogo, karati 18.

Kijana wa Singino: Amesema isifunuliwe kitambaa mpaka kondoo apatikane.

Korosho Ghafi: Basi pilau ipo.