Ushauri: jozi zangu za Goldbach hazilingani na za OEIS

witiri71: Wakuu, nahesabu kila namba shufwa inaandikwa kwa njia ngapi kama jumla ya namba tasa mbili (dhana ya Goldbach inasema kila shufwa kuanzia 4 ina walau njia moja). Kuanzia 4 programu inatoa 1, 1, 2, 3, 2, 3, 4. Mfuatano A045917 wa OEIS (hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya namba) unasema 1, 1, 1, 2, 1, 2, 2. Nikigawa kwa 2 napata nusunusu. Halafu 90 inawapita majirani zake mno. Kosa liko wapi?

baki_sifuri: Mkuu, 3+7 na 7+3 umezihesabu mara mbili, ila 5+5 haina pacha, ndiyo maana 10 inakupa 3. N ikiwa namba shufwa na p tasa unayoijaribu, kitanzi (loop) kiishie p ≤ N/2, kisha kagua kama N−p ni tasa. Jipime kwa 100, lazima upate 6: 3+97, 11+89, 17+83, 29+71, 41+59, 47+53. Chunga pia unalinganisha na mfuatano upi. A002375 hautaki 2, kwa hiyo 4 inapata 0. Wenye mtego zaidi ni A001031, unaihesabu hata 1 kuwa tasa!

chekeche: 90 iache, haina kosa. 88 ina jozi 4, 90 ina 9, 92 ina 4. Ukiiondoa 3 yenyewe, kila tasa ikigawanywa kwa 3 hubakiza 1 au 2. 92 hubakiza 2, hivyo inataka tasa zenye baki 1 pande zote, kama 13+79. Zenye baki 2 hazifai kabisa: 11 inadai 81, 17 inadai 75. Kwa 90, baki 1 hukutana na baki 2, kwa hiyo zote zinaingia mchezoni. Makadirio ya idadi ya jozi huzidishwa kwa (p−1)/(p−2) kwa kila kigawo tasa witiri p cha N. Kwa 90 ni 2 × 4/3.

witiri71: Asanteni, 100 sasa inatoa 6. Ila nataka kufika milioni 1 na inakokota.

baki_sifuri: Piga chekeche la Eratosthenes (njia ya kuchuja tasa kwa kufuta vizidishe vya kila tasa) mara moja, upate safu ya 0 na 1, 1 ikiwa kwenye nafasi za tasa. Tasa chini ya milioni ni 78,498, jozi zinapita bilioni, kwa hiyo vitanzi achana navyo: zidisha safu kwa yenyewe, kama polinomia, kwa FFT (njia ya haraka ya kuzidisha safu ndefu). Ijaze sifuri hadi urefu wa 2,000,001 au zaidi, la sivyo jumla kubwa huzunguka na kuangukia mwanzoni. Majibu huja na desimali, 100 inaweza kutoa 11.9999, ukikata desimali badala ya kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu zaidi, umepoteza 1. Na hapo 3+7 na 7+3 zimerudi tena: N/2 ikiwa tasa ongeza 1 kwanza, ndipo ugawe kwa 2.