Mama yuko TASAF, baba apunguziwe matunzo?

MkaaMbagala: Wadau, naombeni mawazo. Dada yangu ana watoto wawili, na kaya yake imo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Mzazi mwenzie ni fundi magari, kazi anayo. Jana wameitwa ustawi wa jamii, jamaa akasema wazi: serikali inamlipa, mimi nitatoa nusu. Hii ni haki?

BabaWawili: Apunguze tu. Mimi nilikuwa natuma 150,000 kila mwezi. Siku moja nakutana na mwanangu pale Mbagala Rangi Tatu, kiatu cha shule kidole gumba kiko nje. Mama yake kichwani rasta mpya. Hela za matunzo zinaishia saluni, tusidanganyane.

MsusiTandika: Kaka, ulimuuliza hizo rasta kalipa nani? Nasuka mwaka wa tisa huu. Wateja wangu wanauza vitumbua, wananilipa elfu mbili mbili mpaka deni liishe. Kutuma hela ya mtoto hakukupi mamlaka juu ya kichwa cha mama yake.

BabaWawili: Kichwa sikitaki. Nilitoa hela ya kiatu, kiatu kiko wapi?

MzeeWaBaraza: Tulieni wanangu. Kisheria baba anatoa shilingi mia kwa mwezi, nakumbuka vizuri.

KaraniMstaafu: Shikamoo mzee wangu. Hiyo mia ilikuwa sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, ikafutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale anapoishi mtoto. Ruzuku ya TASAF inalipwa kwa kaya, hata bibi anakula humo. Baba akiigeuza kuwa mchango wake, anamdhulumu mwanawe.

MsusiTandika: Asante karani. Mwaka 2018 Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar wakati huo, alipowaita wanawake waliotelekezwa na wazazi wenzao, nilimsindikiza mdogo wangu. Watu juani, watoto migongoni. Rasta mpya sikuziona.

BabaWawili: Umerudi kwenye rasta wewe.

MsusiTandika: Umezileta mwenyewe!

MkaaMbagala: Jamani, dada yangu je? Jamaa anamtisha kwamba akitoa kamili, kaya itaondolewa kwenye mpango.

KaraniMstaafu: Asikubali makubaliano ya mdomo. Mahakama ya watoto ipo Kisutu, na hata ofisa ustawi anaweza kumfungulia maombi. Atunze meseji zote za miamala. Mwanamke mmoja alikuja na kaunta buku, kila tarehe aliyotumiwa hela kaandika, na miezi mitupu kaichora mstari mwekundu. Hakimu alifungua kurasa moja moja.

BabaWawili: Mimi siku hizi situmi hela. Jumamosi nilimpeleka mwanangu Kariakoo, nimemvalisha kiatu mwenyewe, kikamkaa.

MsusiTandika: Hapo umefanya la maana, kaka. Na unga?